Msalaba Usiokauka

Jumanne, 5 Novemba

Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja tu: siku nikimkamata mtu, niwe na tarehe. Mume wangu Fredy anasema ningefaa kuwa mpelelezi wa polisi. Namjibu kwamba wapelelezi wanalipwa, mimi nashuku bure. Lakini hapa Masumbwe ni mji wa dhahabu, na asiyeshuku huku hulala njaa.

Leo kaja Mama Nkwabi kutoka Ushirombo. Nilikuwa stoo nikisugua hereni zangu. Hii ndiyo starehe yangu mwaka wa pili sasa: namimina resini, natia ndani yake ua la bogenvila au kijiwe kinachong'aa, kesho yake inakuwa kioo. Nilijifunza kwenye simu. Fredy ana dirisha lake la kununua dhahabu upande wa barabarani, mimi nina stoo yangu nyuma, na katikati jikoni anatawala Dorah, mdogo wake, wifi yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mayo," akaniita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiye mwenye yale maji yanayogeuka kioo?"

Kafungua kitambaa. Ndani yake rozari ya shanga za bluu, na sarafu ya mia mbili. Vilikuwa mfukoni mwa mwanae Nkwabi, Desemba iliyopita, duara, yaani shimo la dhahabu, lilipowafukia kwa mvua kule machimboni. Misa ya kumbukumbu ni tarehe 21 Desemba. Anataka msalaba wa maji yangu, rozari na sarafu vikiwa ndani, ukae kaburini ambapo hakuna mkono wa kuvichukua wala mchwa wa kuvila.

Nikamuuliza sarafu ya nini. Akaniangalia kama nimekuja huku jana.

"Si ya kupimia?"

Kweli, nilipaswa kujua. Kila mchimbaji huku ana sarafu yake. Kabla hajaweka dhahabu kwenye mzani wa mnunuzi, anaweka kwanza mia mbili yake. Ikisoma nane, yaani gramu nane, mzani ni mzima na biashara iendelee. Isiposoma nane, anaondoka na matusi. Nkwabi yake aliichora herufi N kwa msumari.

"Mwanangu hakuibiwa hata siku moja," kasema Mama Nkwabi. "Alikuwa anapima kwanza. Hata hapa kwenu aliuza sana. Baba Limi anamjua."

Baba Limi ndiye Fredy, na alikuwa amesimama mlangoni. "Namkumbuka, mama. Kijana mpole," akasema, kisha akarudi dirishani kwake.

Nimekubali kazi. Sikutaja malipo, na yeye hakuuliza.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemimina tabaka la kwanza. Resini huja na chupa mbili. A ni resini yenyewe, nzito kama asali. B ni dawa ya kuigandisha. Hii yangu inataka sehemu mbili za A kwa moja ya B, kwa uzito, siyo kwa kukadiria na jicho. Ukikosea inabaki inanata mpaka Yesu arudi.

Ndiyo maana napimia mzani wa Fredy akishafunga dirisha. Wenzangu kwenye kundi letu la simu wanahangaika na mizani ya jikoni. Mimi napima kwa mzani wa dhahabu. Jirani yangu Rebeka, anayeoka keki za harusi, aliwahi kutaka kuniazima wake. Nikamwambia huo wa unga baki nao.

Na hata huo wa dhahabu sikuuamini hivi hivi. Nimeweka sarafu ya Nkwabi juu yake. Nane kamili. Nikaona raha, kama vile marehemu mwenyewe kanipa ruhusa.

Msalaba ni mnene, kwa hiyo naumimina kwa matabaka membamba: A kumi na sita, B nane, kila moja kwenye kikombe chake chepesi, nakoroga taratibu, namimina kwenye kalibu ya mpira.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa nimelikuta tabaka la kwanza limeshika juu. Nikalaza rozari, sarafu katikati, nikamimina la pili. Limependeza mno. Dorah kachungulia mlangoni akasema, "Wifi, umemlaza vizuri." Sijui kwa nini amechungulia.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Umeme hakuna.

Jumatano, 13 Novemba

Nimebonyeza msalaba kwa kidole na alama ya kidole imebaki pale. Chini yake ni uji.

Nimempigia yule kaka wa duka la Mwanza aliyeniuzia chupa. Nimemwambia ameniuzia mali iliyokaa juani tangu enzi za babu. Kaniuliza kwa upole, "Dada, una uhakika ulipima vizuri?"

Nimekata simu. Mtu mwenye upole wa namna hiyo ana jambo.

Ijumaa, 15 Novemba

Bado unanata. Kundi la simu linasema ni unyevu, mvua hizi, weka mahali pa joto. Nimeusogeza karibu na ukuta wa jikoni.

Jana jioni baada ya mvua kumbikumbi waliruka kama wamealikwa. Asubuhi nimekimbilia stoo nikijua nitakuta msalaba una mabawa. Nimekuta umefunikwa beseni. Dorah ndiye kaufunika.

"Nilikuwa nauokoa na wadudu, wifi."

Labda. Lakini beseni hilo ni la kukandia maandazi, lina mafuta. Na mafuta na resini ni kama paka na panya.

Jumapili, 17 Novemba

Leo nimefanya kazi ambayo sitaki kuirudia. Nimeutoa msalaba kwenye kalibu, ukanifuata mkononi kama ugali mbichi, na nikaanza kuichomoa rozari ya watu shanga moja moja. Nilikuwa na spiriti, pamba, na mswaki wa zamani wa Limi binti yetu, aliyeko bweni. Uzi ulikatika mahali pawili. Shanga moja ilidondoka ikaviringika chini ya gunia la mpunga, na nilipiga magoti pale chini nikilia kwa hasira, maana vitu hivi havina vingine. Rozari ya dukani ipo. Hii ilikuwa mfukoni mwake alipokuwa anakufa.

Shanga nimeipata. Nimezisafisha zote mpaka zikarudi bluu yake. Sarafu nayo nimeisugua, ile N ikatokea.

Fredy kaingia akanikuta chini. Kaniinua, kanifuta mikono. "Ni hizo chupa tu," akasema. "Nitakuletea mpya." Mungu ambariki, nilihitaji neno hilo.

Jumatano, 20 Novemba

Fredy kaleta chupa mpya, A na B, kutoka duka lingine kabisa, lakini za aina ile ile. Hata kuombwa hajaombwa. Mwanaume ambaye chumvi tu nikimwomba hutaka kujua ya juzi imekwenda wapi.

Ijumaa, 22 Novemba

Safari hii sina haraka. Nimemimina msalaba mtupu wa kujaribia, hakuna kitu ndani. Mkono ulikuwa bado haujachoka kukoroga, nikachanganya na kidogo cha hereni, A sita, B tatu. Mzani nimeupima na sarafu: nane. Stoo nimefagia. Beseni nimelipeleka nje.

Jumatatu, 25 Novemba

Hereni zimekauka, ngumu, zinalia zikigongana. Msalaba unanata.

Chupa zile zile, siku ile ile, mkono ule ule. Zingekuwa chupa mbovu, hereni nazo zingegoma. Ingekuwa mvua, mvua haichagui msalaba ikaacha hereni. Basi kuna mtu anaugusa msalaba. Na mwenye kuingia stoo zaidi yangu ni mmoja.

Nimemwambia Fredy. Nilitegemea amtetee mdogo wake, anikaripie kidogo, maana ndivyo huwa. Badala yake akasema, "Wanawake wawili jikoni moja, mambo hayo hutokea."

Jumanne, 26 Novemba

Nimemuuliza Dorah mbele ya kaka yake.

"Wifi, unatia nini kwenye kazi yangu?"

Alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini.

"Mimi?"

"Ulinifunika msalaba kwa beseni la mafuta. Jumapili ile ulikuwa unachungulia. Na ulishaniambia hii ni gundi ya kuchezea watoto."

"Nilikutania. Na nilichungulia kwa sababu nilitaka unifundishe, nikaona haya kuomba." Akamgeukia Fredy. "Kaka, na wewe unasemaje?"

Fredy alikuwa anaangalia simu yake. "Sijui, Dorah. Mimi sikuwepo stoo."

Dorah hakugombana. Ningemwelewa kama angegombana. Alimaliza kuchambua ule mchele, akaupika, tukala bila yeye, na mchana akafunga begi akaondoka kwenda kwa shangazi yao Tinde. Mlangoni akaniambia, "Wifi, ukishajua ni nani, usinitumie ujumbe. Uje mwenyewe."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Mkosaji huwa haagi hivyo. Lakini mkosaji mjanja anaweza.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Nyumba kimya. Ugali nimeuunguza.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimemimina msalaba wa kujaribia mwingine. Mlango nimeufunga kwa kufuli, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nalala nao, naoga nao.

Jumanne, 3 Desemba

Unanata.

Dorah yuko Tinde. Ufunguo uko kiunoni mwangu. Nimesimama mbele ya ule msalaba na kidole kimeganda juu yake, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimemfukuza mtu bure.

Na kama si Dorah, ni nani? Nimebaki mimi na Fredy.

Alhamisi, 5 Desemba

Mama Nkwabi kaja bila taarifa, miguu imejaa tope. Sikuwa na pa kuuficha. Kauona msalaba wa kujaribia mezani, kaugusa, kautazama uzi wa resini uliofuata kidole chake. Nikamwonyesha rozari iko salama kwenye kopo, nikamweleza hali ya hewa, chupa, kila kitu nilichonacho.

Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama kidole chake.

"Mayo," akasema, "labda mwanangu hataki."

"Mama, usiseme hivyo. Ni kazi yangu tu haijakaa sawa."

"Hereni za watu zinakauka. Shemeji yangu alinunua kwako, ngumu kama jiwe. Cha mwanangu tu ndicho kinakataa." Akafunga kitambaa chake kitupu. "Kuna neno linamkera huko aliko. Tangu azikwe sijamwota. Labda nimemkosea kitu. Labda nilimzika vibaya."

Nimemsindikiza mpaka barabarani. Ana mwaka mzima wa kumlilia mwanae, na sasa mimi nimemwongezea jambo jipya la kujilaumu kila akilala. Nikishindwa msalaba huu, mama yule atakwenda kaburini kwake akiamini mtoto wake alimkataa. Hilo siwezi kulibeba.

Jumamosi, 7 Desemba

Fredy kaniambia maneno mawili leo, na yote mawili nayaandika.

La kwanza, wakati wa chai: "Achana na huo msalaba. Nitamnunulia yule mama wa marumaru, mzuri kuliko wako." Marumaru, Fredy.

La pili, alipokuwa anafunga dirisha na mimi nimenyoosha mkono nipewe mzani: "Kwa nini usipime kwa vile vikombe vya dawa za watoto? Huu utauharibu na gundi yako."

Mwaka mzima nimeutumia, hajawahi kusema neno. Nikamwambia, "Chupa inasema uzito." Akasema haya, akanipa. Lakini hakuniangalia.

Niliolewa na mtu huyu kwa sababu ni mpole. Sasa nimeanza kuutazama huo upole kwa jicho lile lile nililomtazamia yule kaka wa Mwanza. Sipendi. Najiambia labda ni mimi, nimeshuku wengi mpaka nimefika kitandani kwangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimewaza: kama si mtu, ni nyumba. Labda stoo yenyewe ina unyevu ukutani. Nimebeba chupa zangu na kalibu mchana nikaenda kwa Rebeka. Mzani sikuweza kuuchukua, Fredy alikuwa na wateja. Ikabidi nitumie wa keki.

"Leo wa unga unafaa?" kasema Rebeka, anatikisa kichwa. "Kiburi si maungwana, Mama Limi."

"Nipe tu, mwenzangu. Nimeshafedheheka vya kutosha."

Ulikuwa na ukoko wa icing pembeni. Nimepima vile vile, A kumi na sita, B nane.

Jumatano, 11 Desemba

Rebeka kaupiga msalaba kwenye ukingo wa sinki lake. Umelia kama sahani.

Nimekaa kwenye kigoda chake nikashindwa hata kufurahi. Ni nyumba? Au ni mzani? Nimemwomba Rebeka aniazime wa keki siku tatu.

Jumamosi, 14 Desemba

Nitaandika taratibu, jambo moja baada ya jingine.

Msalaba niliomimina Jumatano stoo kwangu, kwenye ukuta ule ule wenye unyevu, kwa mzani wa Rebeka, umekauka. Mgumu. Basi si nyumba.

Fredy alikuwa ameenda kunyoa. Nikachukua mzani wa dhahabu, nikaketi nao mezani. Nikaweka sarafu ya Nkwabi. Nane. Nikaitoa, nikaiweka tena. Nane. Nikaona nimekuwa mwendawazimu, kitu kinasema kweli na mimi nakisingizia.

Halafu, sijui kwa nini, labda kwa vile kwenye msalaba napima kumi na sita na kwenye hereni sifiki hata kumi, nikatoa mia mbili nyingine kwenye pochi yangu nikaiweka juu ya ile ya Nkwabi.

Nane na nane. Mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Mzani ukasoma kumi na tatu na nusu.

Nikaziweka sarafu hizo hizo kwenye mzani wa keki. Kumi na sita. Nikazirudisha kwenye wa Fredy na kuongeza ya tatu, ukala zaidi.

Nikaelewa yote kwa mara moja, na kwanza nikaelewa resini. B yangu gramu nane, mzani unasema kweli. A yangu kumi na sita, mzani unaficha, na mimi naongeza A mpaka namba itimie. Kila msalaba nimeuzidishia A kwa mkono wangu mwenyewe. Hereni zinapona kwa sababu hazifiki uzito wa kuibiwa.

Kisha nikaelewa lingine. Huo mzani haukuharibika. Mzani ulioharibika hukosea popote. Huu unajua sarafu. Fundi kaufundisha useme kweli mpaka pale mchimbaji atakapouamini, na baada ya hapo uanze kula.

Fredy karudi, kichwa kinanukia spiriti ya kinyozi. Kazikuta sarafu tatu juu ya mzani na namba inawaka. Hakuuliza ni nini.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mama Limi."

"Tangu lini, Fredy?"

"Tangu tuhamie hapa." Akaketi. "Kila dirisha mtaa huu liko hivyo. Nikikaa na mzani mnyoofu peke yangu, bei yangu kwa gramu itakuwa chini ya wenzangu wanaojilipa kwa mzani, na hakuna atakayekuja. Kodi utalipa wewe na hereni?"

"Nkwabi aliuza hapa."

"Waliuza wengi."

"Mama yake anasema mwanae hakuibiwa hata siku moja. Amekaa nalo hilo kama ndilo la mwisho alilobakiza. Na wewe ulisimama pale mlangoni ukasema kijana mpole."

Akanyoosha mkono akauzima mzani.

"Na ulijua," nikasema. "Ulijua kwa nini haukauki. Ndiyo maana ya chupa mpya, ndiyo maana ya marumaru na vikombe vya dawa."

"Mwanzoni sikujua. Zilipogoma zile mpya ndipo nikahisi."

"Zilipogoma zile mpya, Fredy, ndipo nilipomfukuza Dorah. Alikugeukia akakuuliza unasemaje."

Hapo ndipo aliposhika kichwa. Nami hapo ndipo nilipoumia kuliko kote. Wizi wa gramu ningeweza kuufikiria, huu ni mji wa dhahabu, nimekula hizo gramu na mimi, nimevaa, Limi kasoma nazo. Lakini alimwacha dada yake wa tumbo moja abebe uchawi ambao hakuufanya, kuliko aseme neno moja juu ya mzani. Nampenda mtu huyu na leo sikuweza kumpikia.

"Usiliseme hili nje," kaniomba. "Watatuchomea nyumba."

Nikaziokota zile sarafu nikarudi nazo stoo.

Jumapili, 15 Desemba

Nimekwenda Tinde mwenyewe, kama nilivyoambiwa. Dorah alikuwa anapalilia shamba la shangazi. Nimemweleza tukiwa tumesimama kwenye matuta, mvua imeanza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia.

"Nisamehe, wifi."

"Wewe unashuku kila mtu, hilo nimelizoea," akasema. "Yeye alikuwa anajua."

Amekubali kurudi, kwa sharti nimfundishe.

Jumatano, 18 Desemba

Tabaka la chini lilishika tangu juzi, na leo mimi na Dorah tumemaliza kuumimina msalaba wa kweli kwa mzani wa keki. Yeye kakoroga, mimi nimehesabu. Nimeilaza rozari ya bluu, uzi mpya, shanga zote zipo. Sarafu ya Nkwabi katikati, N juu. Nikaishika ile ya pili mkononi kwa muda mrefu.

"Utaiweka?" kauliza Dorah.

"Mama yule anadhani mwanae hamtaki."

"Akijua atalia zaidi."

"Atalia. Lakini atajua nani kamkosea Nkwabi, na kwamba si yeye."

Nimeiweka kando ya ya kwanza, zinagusana.

Fredy kauona ukiwa kwenye kalibu. Kautazama sana. Angeweza kuichomoa, resini ilikuwa bado maji. Hakuichomoa. Nimeliandika na hilo, maana daftari la kushuku likiandika mabaya tu nalo ni mzani mbovu.

Jumamosi, 21 Desemba

Misa imesomwa Ushirombo, kisha tukaenda makaburini. Anga lilikuwa limefunga lakini halikunyesha. Ndugu walikuwepo, majirani, na wachimbaji wenzake Nkwabi kama kumi hivi, wamevaa mashati yao ya Jumapili. Fredy alikuja. Alisimama nyuma kabisa karibu na ua wa katani.

Msalaba ulikuwa mgumu na mwangavu, unaona mpaka upande wa pili. Mama Nkwabi kaupokea kwa mikono miwili. Kagonga kwa kucha. Kagonga tena. Uso wake ukafunguka.

"Umekubali," akasema.

"Umekubali, mama."

Akaupitisha kidole juu ya shanga, akafika katikati, akasimama.

"Mayo, mimi nilikupa sarafu moja."

"Ndiyo, mama."

"Hizi ni mbili."

Watu walikuwa wanasikiliza. Nilikuwa nimepanga nimwambie pembeni, nyumbani kwake, baada ya chakula. Lakini kaniuliza pale, na wale wachimbaji wamesimama pale, kila mmoja na mia mbili yake mfukoni.

"Nkwabi alipima kwa moja, mama. Moja mzani unaikubali, umefundishwa kuikubali. Ukiweka ya pili ndipo unadanganya. Nilikuwa napimia resini yako kwenye mzani huo, ndiyo maana ilikuwa haikauki. Mwanao hakukukataa. Wala hukumzika vibaya."

Mchimbaji mmoja alitia mkono mfukoni akauacha humo.

"Mzani upi?" kauliza Mama Nkwabi.

Nilimsikia Fredy akikohoa kule nyuma.

"Wetu," nikasema.

Mama Nkwabi hakulia. Alipiga magoti, akausimika msalaba mwenyewe kwenye saruji mbichi, akaushikilia mpaka ukakaa sawa. Mtu wa parokia akaanzisha Salamu Maria, na wachimbaji wakaitikia wakiwa wamegeuza vichwa kumtazama Fredy. Hawakumgusa. Nadhani ni kwa heshima ya mahali.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Hakuna mgeni aliyekuja. Limi, aliyerudi likizo, kauliza kwa nini dirisha la baba limefungwa. Dorah kamwambia baba anatengeneza kitu.

Ijumaa, 27 Desemba

Usiku kuna mtu katupia tope dirishani. Fredy kaliosha mwenyewe asubuhi, mchana kweupe, watu wanapita wanamwona. Kisha kaenda Geita, karudi na mzani ukiwa bado kwenye boksi. Ule wa zamani kauponda kwa nyundo uani. Vipande nimevihesabu, siyo kwamba simwamini. Basi, niseme kweli: simwamini bado.

Jumatatu, 30 Desemba

Fredy kafungua dirisha. Saa nzima hakuna aliyesimama. Wachimbaji walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la muuza kahawa, wanatazama.

Aliyekuja wa kwanza ni Mama Nkwabi. Nilimwona kutoka jikoni nikatoka mbio nikifuta mikono. Hakuwa na dhahabu. Alikuwa na mwavuli na kitambaa chake kile kile, na ndani yake sarafu mbili za mia mbili.

Hakumsalimia Fredy. Aliweka sarafu moja kwenye mzani mpya. Macho yake hayaoni namba vizuri, akaniita.

"Mayo, inasemaje?"

"Nane, mama."

Akaweka ya pili juu yake. Fredy alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na sasa?"

Niliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Sikutaka kukosea mbele yake.

"Kumi na sita."

"Soma tena."

"Kumi na sita, mama."

Akazitoa, akazifunga kwenye kitambaa, fundo moja, halafu la pili. Ndipo akamtazama Fredy kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa muda, na Fredy akasema shikamoo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama Nkwabi hakuitikia. Akafungua mwavuli, akavuka barabara, akaketi benchini pamoja na wachimbaji, akaagiza kahawa.